50mm au 35mm kwa kamera ya sensa ndogo? Anza na mahali usiporuhusiwa flashi

Swali: "Hujambo mtaalamu. Niko Kisumu, natumia Canon 200D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Kazi zangu nyingi ni harusi za kanisani, ayie (sherehe ya posa ya Kijaluo) kwenye sebule za watu, na picha za wachumba jioni kule Dunga. Kanisani mchungaji hataki flashi wakati wa ibada, kwa hivyo picha zangu hutoka na chengachenga ama zimetikisika. Nimeweka elfu thelathini ninunue lenzi ya f/1.8. Rafiki mmoja ananiambia 50mm ndiyo kila mtu huanza nayo. Mwingine anasema kwenye kamera kama yangu 50 inageuka 80, na f/1.8 inageuka f/2.9, kwa hivyo nitakuwa nimetupa pesa. Afadhali 35, ama niweke akiba hadi nipate fulu fremu, kamera ya sensa kubwa. Nifuate nani?"

Sijambo, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, na hasa umenitajia mahali unapofanyia kazi, jambo ambalo wengi huliacha. Swali lako lina mambo mawili yaliyosokotana: mwanga na nafasi. Rafiki wa kwanza anafikiria mwanga, wa pili anafikiria nafasi, na kila mmoja ana kipande cha ukweli. Tuyatenganishe, kisha nitakwambia ningenunua nini kama mfuko ungekuwa wangu.

Namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 ina tundu la upana wa karibu milimita 28. Kwenye f/5.6 tundu linabaki milimita 9 hivi. Ukilinganisha eneo la matundu hayo mawili, la kwanza linaingiza mwanga zaidi ya mara tisa. Lenzi yako ya 18-55 hufungua hadi f/4 ukiwa kwenye 18, lakini ukivuta kufika 50 haiwezi kupita f/5.6. Shida yako ya kanisani inaanzia hapo.

Chukua mfano huu. Umesimama kwenye njia ya katikati ya kanisa, taa ni za mirija, umevuta hadi 50. Bwana harusi anavisha pete, mkono unasogea, kwa hivyo unataka shata, yaani muda wa kamera kubaki wazi, ya sekunde 1/125. Kwa f/5.6 kamera inakudai ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) ya 6400, na kwenye 200D hizo ni chengachenga za kuonekana, hasa kwenye suti nyeusi na kwenye uso ulio upande wa kivuli. Ukifungua hadi f/2, shata ikiwa ile ile, unashuka hadi ISO 800. Ni hatua tatu kamili, na kila hatua hupunguza ISO kwa nusu: 3200, 1600, 800. Hutahitaji programu ya kusafisha picha.

Labda utauliza, na ile IS iliyoandikwa kwenye 18-55? IS hutuliza mkono wako peke yake. Ukipiga madhabahu kwa 1/15 itakusaidia sana, lakini bibi harusi akigeuza kichwa kwa 1/15 atatoka amefutika hata kamera ingekuwa imefungwa kwenye jiwe. Mtu anayesogea huhitaji shata ya kasi, na shata ya kasi huhitaji tundu kubwa. Lenzi za 50mm f/1.8 za Canon hazina IS, na kwa kazi yako sioni kama hasara. Usishuke tu chini ya 1/80 kwa mkono. Kwa watu wanaosimama tumia 1/125, kwa wanaotembea 1/250.

Sasa dai la rafiki wa pili. Sensa ya 200D, yaani bamba la ndani linalopokea picha, ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9, ilhali ya fulu fremu ni 36 kwa 24. Lenzi inatupa picha ile ile kwenye kamera zote mbili, ila sensa yako inakata kipande cha katikati. Ndiyo maana 50mm kwako inaona eneo lile lile ambalo 80mm ingeona kwenye fulu fremu. Hapo yuko sawa. Lenzi yenyewe haijageuka, bado ni 50mm, na kwa upande wa kupima mwanga f/1.8 ni f/1.8. Ukiweka f/1.8, 1/125 na ISO 800 kwenye 200D na kwenye fulu fremu mahali pamoja, picha zote mbili zitakuwa na mwangaza sawa. Ile f/2.9 aliyoitaja inahusu kitu kingine: ukipiga picha yenye fremu ile ile, kiasi cha mandhari ya nyuma kuyeyuka kwa ukungu kwenye kamera yako kitafanana na cha f/2.9 kwenye fulu fremu. Pia kwa kuwa sensa kubwa ina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu, hukusanya mwanga mwingi zaidi kwa jumla na chengachenga zake hupungua kwa hatua moja na kidogo. Linganisha hatua hiyo moja na hatua tatu utakazopata kwa lenzi ya bei nafuu uliyo na pesa zake leo. Ukinunua mwili wa fulu fremu, 18-55 yako ya EF-S (aina ya Canon ya sensa ndogo; EF ni ya fulu fremu) haitakufaa, utaanza kutafuta lenzi upya. Fulu fremu isubiri.

Kosa jingine ninalolisikia sana ni kwamba lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo "hazizidishwi." Urefu ulioandikwa kwenye lenzi yoyote ni urefu wake halisi. 24mm ya EF-S na 24mm ya EF zikiwekwa kwenye 200D zinaona upana ule ule.

Tuje kwenye nafasi, maana hapa ndipo watu hununua lenzi wakaiuza baada ya mwezi. Lenzi isiyovuta haikuonei huruma: miguu ndiyo zumu yako, na ukuta wa nyuma ndio mwisho wake. Hesabu ni rahisi. Zidisha umbali kwa 22.3, gawanya kwa urefu wa lenzi, na utapata upana wa kile kitakachoingia kwenye picha ya kulala. Ukiwa mita 3 kutoka kwa watu, 50mm inakupa upana wa mita 1.3. 35mm inakupa mita 1.9. 24mm inakupa karibu mita 2.8.

Sasa ingia kwenye sebule ya ayie. Makochi yamesukumwa ukutani, meza ya katikati imetolewa nje, wazee wa pande zote mbili wamekaa wametazamana, na wewe umebanwa kati ya kabati la runinga na mlango wa jikoni. Una mita 3 ukibahatika. Kwa 50mm utapata wazee wawili waliokaribiana na bega la wa tatu. Kundi la watu wanane wakisimama kwa upana wa mita 4 litakudai urudi nyuma mita 9, yaani utoke hadi kwa jirani. Kwa 35mm ni mita 6 na kidogo, kwa 24mm ni 4.3. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema 50mm ni "lenzi ya kila kitu", ujue msemo huo ulianza na fulu fremu. Kwenye kamera yako ni lenzi ya mtu mmoja au wawili.

Kanisani hali hugeuka. Ukisimama mita 5 kutoka madhabahuni, 50mm inakupa upana wa mita 2.2: wachumba wawili, mchungaji kati yao, na pumzi kidogo pembeni. Hiyo ndiyo picha ya kiapo. Kwa 35mm ungelazimika kusogea hadi mita 3 na nusu kupata fremu hiyo, na ibada ikiendelea si vyema mpiga picha kusimama kwenye mgongo wa mchungaji. Kule Dunga una ufuo mzima wa kurudi nyuma. Mtu mzima kwa picha ya kusimama, kichwa hadi viatu, anahitaji mita 4 na nusu hivi kwa 50mm.

Hapo ndipo jibu langu linapotoka. Lenzi ya tundu kubwa inunuliwe kwa ajili ya mahali ambapo huna njia nyingine ya kupata mwanga. Sebuleni flashi inaruhusiwa, kanisani hairuhusiwi. Dunga jua likishazama, una dakika kama ishirini za mwanga mzuri kisha giza, kwa sababu karibu na ikweta jioni yetu ni fupi. Sehemu zote mbili zinazokukaba zina nafasi ya kutosha kwa 50mm. Kwa hivyo nunua Canon EF 50mm f/1.8 STM kwanza. Ni miongoni mwa za bei ya chini nitakazozitaja hapa, na chenji inayobaki weka kwenye flashi iliyotumika yenye kichwa kinachogeuka. Kwenye ayie rudi kwa 18-55 yako, weka f/5.6, elekeza kichwa cha flashi kwenye dari nyeupe, na watu wanane wataingia wote wakionekana wazi bila kulegea. Kama nyumba haina dari, ni mabati moja kwa moja, mwanga utapotelea juu. Elekeza kwenye ukuta mweupe ulio nyuma yako au pembeni, na kama kuta zimepakwa kijani au rangi ya chungwa tundika shuka jeupe, la sivyo nyuso zitachukua rangi ya ukuta.

Usinichukulie neno kabla ya kujipima mwenyewe. Fungua picha za kazi zako tatu za mwisho kwenye kompyuta, chagua zile tu ambazo wateja walizipenda wakaomba kuchapishiwa, kisha tazama taarifa za kila picha uone ilipigwa kwa urefu gani. Zikirundikana kati ya 45 na 55, una jibu. Zikirundikana kati ya 24 na 35, basi riziki yako iko sebuleni kuliko unavyofikiria, na ushauri wangu unabadilika. Kisha bandika kipande cha selotepu kwenye pete ya zumu ikiwa 50, ufanye kazi moja ndogo bila kuibandua. Wiki inayofuata bandika kwenye 35. Utajua mwili wako unataka kusimama wapi.

Matokeo yakielekea 35, kwa upande wa Canon mambo si mepesi. Wenye Nikon wana 35mm f/1.8G ya DX (sensa ndogo ya Nikon) iliyotoka mwaka 2009, gramu 200, bei ya kawaida, imekamilika. Canon hawakuwahi kutengeneza lenzi ya EF-S inayolingana nayo. Unabaki na Canon 35mm f/2 IS USM, lenzi nzuri kweli lakini inapita bajeti yako mbali. Sigma 30mm f/1.4 DC HSM, ambayo huenda ukaipata ikiwa imetumika ila ina gramu zaidi ya 400 na lazima uijaribu fokasi kabla ya kulipa. Yongnuo 35mm f/2, ya bei ndogo, picha zake ni nzuri kuanzia f/2.8, lakini fokasi yake ni ya polepole, ina kelele na hukosea kwenye mwanga hafifu, yaani pale pale unapoihitaji. Na Canon EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama chapati mbili, kali sana, inasogea hadi sentimita 16 kutoka kwenye kitu. Hiyo 24 inakupa hatua moja na kidogo tu zaidi ya lenzi uliyo nayo, lakini kwa sebule ningeichagua mbele ya Yongnuo bila kusita. Kwa maoni yangu iwe lenzi yako ya pili, mwakani. 85mm f/1.8 iache: mtu wa kusimama anakuhitaji mita 7 na zaidi.

Tuseme umeshanunua 50. Jambo litakalokukatisha tamaa wiki ya kwanza ni fokasi, kwa hiyo nikwambie mapema linakotoka. Kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele yako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 11 tu, nusu mbele ya ulipolenga na nusu nyuma. Jicho litakuwa kali, sikio litaanza kulegea. Ukisogea hadi mita 1, zinabaki chini ya sentimita 3: ncha ya pua imepotea. Na kioo cha kutazamia cha kamera hakikuonyeshi hatari hiyo, kwa sababu kioo cha kawaida hakiwezi kuonyesha ufinyu wa ukali unaoletwa na tundu lililo kubwa kuliko f/2.5 hivi, unaona kila kitu kimekaa sawa, unafika nyumbani unakuta la. Kwa hivyo f/1.8 iweke kwa mtu mmoja, au kwa dharura ya mwanga. Wachumba wawili mita 4 mbele, tumia f/2.8, hapo una karibu sentimita 70 za ukali na nyuma bado inayeyuka. Lenzi yenyewe pia hupenda hivyo: kwenye f/1.8 kingo za shela jeupe dhidi ya kitu cheusi huota mstari wa zambarau au kijani, na kufikia f/2.8 mstari huo unakuwa umepungua sana.

Chagua pointi moja ya fokasi, ile ya katikati, maana kwenye 200D ndiyo hushika vizuri zaidi gizani. Ilenge kwenye jicho lililo karibu nawe. Usifunge fokasi kisha ukageuza kamera sana kupanga fremu, kwa sababu ukigeuza, uwanda wa ukali unahama sentimita kadhaa na huna sentimita za kupoteza. Panga fremu kwa upana kidogo kisha ukate baadaye. Maharusi wakitembea kutoka, hamia AI Servo (fokasi inayomfuata anayesogea), f/2.8, 1/250, na upige mfululizo wa picha nne tano kila hatua chache, maana baadhi zitakosa.

Taa za mirija zina tabia yake. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hivyo mwanga wa mirija ya kizamani hupiga mara 100 kwa sekunde. Ukitumia 1/250 utaona picha moja ina rangi ya manjano, inayofuata ya kijani, ingawa hukugusa kitu. Rudi 1/100 wakati wa viapo na zitatulia. Halafu gauni jeupe: kamera ikiona weupe mwingi inafikiri kuna mwanga mwingi, inafifisha picha nzima, na nyuso zetu zinakuwa za kwanza kuumia. Ukija kuzifungua kwenye kompyuta, chengachenga zinarudi zote ulizokimbia. Pima kwenye uso, au ongeza fidia ya mwanga kwa +2/3 hadi +1, na upige RAW (faili ghafi la kamera) ili weupe wa gauni uweze kurudishwa.

Kama picha bado zinalegea hata mtu akiwa ametulia, fanya jaribio hili kabla ya kulaumu mkono wako. Simamisha kamera kwenye traipodi, panga betri tatu mezani kwa mshazari, kila moja ikiwa sentimita 3 nyuma ya mwenzake, na ulenge ya katikati kwa f/1.8 ukiwa mita 1. Piga kumi kupitia kioo cha kutazamia, kisha kumi kwa Live View, yaani ukitazama skrini ya nyuma. 200D ina Dual Pixel, ambayo hupima fokasi kwenye sensa yenyewe, kwa hivyo za Live View ndizo kipimo chako. Za Live View zikiwa kali na za kioo zote zikiangukia betri ya mbele au ya nyuma, lenzi na mwili havijaoana. Mwili wa kamera yako hauna menyu ya kurekebisha hilo. Aidha utumie Live View kwa kazi za karibu, au upeleke lenzi na kamera pamoja kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia fokasi. Usikubali fundi anayetaka kuifungua bila kwanza kukuonyesha jaribio.

Mwisho, dukani. Nenda na 200D yako na kadi tupu. Hakikisha ni EF, yenye doti nyekundu kwenye shina: kuna RF 50mm f/1.8 STM inayofanana nayo sana, ni ya kamera za Canon zisizo na kioo, na haiingii kwenye yako kwa adapta yoyote inayoacha lenzi ifanye kazi yake. Ya EF STM ina uzi wa kichujio wa milimita 49, ya RF ni 43. Pia kuna ile ya zamani, 50mm f/1.8 II, shina la plastiki na bapa tano za tundu badala ya saba. Inapiga picha, lakini STM ni tulivu na imara zaidi, usilipie ya zamani bei ya mpya.

Ikiwa imetumika, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na uitazame kwa mshazari. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwetu karibu na ziwa kuvu hupata unyevu wa kutosha kukua; iache hata ikishushwa bei nusu. Angalia pia mdomo wa mbele, ule unaotoka nje lenzi ikitafuta fokasi. Ukigongwa ukiwa nje, mota huumia. Fokasi kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi, ukisikiliza: ikikwaruza au ikikwama njiani, mrudishie mwenyewe. Na ukiichukua, zoea kulenga kitu cha mbali kabla ya kuzima kamera, ili mdomo huo urudi ndani kabla ya kuitia mfukoni.